Zawadi ya shangazi, daftari la wifi na mkopo wa kausha damu

SWALI: Assalamu alaykum sheikh wangu. Mimi ni mkazi wa Makorora, hapa Tanga. Nakaanga vitumbua asubuhi, na mume wangu ni kibarua, leo kazi ipo, kesho haipo. Mtoto wa kaka yangu anaolewa mwezi huu wa Shaaban, na shangazi yake wa pekee ni mimi. Mwaka jana nilipomuoza binti yangu, wifi yangu, mama wa huyu bi harusi, alinitunza seti ya hotipoti na doti mbili za kanga. Vikaandikwa kwenye daftari, vikatangazwa kwenye kipaza sauti. Sasa wenzangu wananiambia lile ni deni, nirudishe kama kile au zaidi. Nikishatoa pesa ya mchele, nazi na mkaa nabaki na shilingi 20,000. Kuna watu wa kausha damu wako tayari kunipa 100,000, nirudishe 130,000 kwa mwezi. Mume wangu anasema nisitoe kitu kabisa. Je, lile ni deni kweli? Nikope? Au nijifanye naumwa nisiende? Na ninayo doti moja niliyopewa na jirani, haijakatwa wala kupindwa, naweza kuitoa zawadi?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Dada yangu, swali lako la mwanzo ndilo lililozaa hayo mengine yote, basi nianze nalo.

Wanazuoni wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo tuliyolelewa nayo pwani hii, walishalijadili jambo hili zamani. Waarabu huziita zawadi za kutunzana harusini nuqut. Wako waliosema ni mkopo, kwa kuwa ada ya watu ni kurudishiana, kwa hiyo aliyetoa anayo haki ya kudai. Ibn Hajar al-Haytami, aliyefariki mwaka 974 Hijria, hakulikubali hilo. Katika kitabu chake cha Tuhfa anaona kuwa hiyo ni hiba, yaani zawadi, na ada haihukumu hapa kwa sababu ada yenyewe haijatulia. Isipokuwa aliyetoa awe amenuia kukopesha na kauli yake ikaonyesha hivyo. Mimi nafuata kauli hii, na ukiitazama Tanga yetu utaona ada kweli haijatulia. Huyu anarudishiwa, yule harudishiwi, wa tatu anarudishiwa kwa watoto wake baada ya miaka kumi.

Sasa jiulize: wifi yako alikuambia anakukopesha? Alikuja akicheza, hotipoti kichwani, watu wakipiga vigelegele. Kwa hiyo kile ni chako. Lau ungefariki usiku ule ule, warithi wako wasingelazimika kutoa hata kifuniko kimoja cha hotipoti kumlipa wifi kabla ya kugawana mirathi. Deni la kweli hutangulia mirathi. Hili si deni.

Lakini usinielewe vibaya ukadhani nakufungulia mlango wa kula na kufuta mdomo. Kulipa wema kwa wema ni sunna. Bi Aisha (r.a.) amesimulia kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akipokea zawadi na akiilipa. Na katika hadithi iliyo kwa Abu Dawud ametuamuru kumlipa aliyetutendea wema, kisha akasema tusipopata cha kumlipa tumuombee dua mpaka tuone tumemlipa. Utaona kwamba asiye nacho amewekewa nafasi yake ndani ya hadithi yenyewe. Hakuambiwa akakope.

Na hilo daftari, mimi sisemi kuandika ni haramu. Mtu akiandika ili ajue nani wa kumshukuru na nani wa kumuombea, amefanya vizuri. Ila nimewahi kuonyeshwa daftari moja lenye safu mbili, "alileta" na "nilipeleka", na jina la mama mmoja limezungushiwa duara kwa wino mwekundu. Nikauliza, huyu amefanya nini? Nikaambiwa aliletewa jagi la umeme, yeye akapeleka sahani sita. Subhanallah. Mwenyezi Mungu amesema katika Suratul Muddaththir, aya ya 6, usitoe kwa kutaraji kuzidishiwa. Daftari la namna ile limeshahama kwenye zawadi, limeingia kwenye biashara, tena biashara mbovu isiyo na bei iliyokubaliwa.

Kuhusu mkopo sina maneno mengi. Kuchukua 100,000 ukarudisha 130,000 ni riba, na aya za Suratul Baqara kuanzia ya 275 unazijua. Watu wenyewe waliokopa ndio walioupa mkopo huo jina la kausha damu; wanajua godoro linavyotolewa ndani mchana kweupe, majirani wakitazama. Hata ungekopeshwa bila riba, mimi ningekuambia usikope kwa jambo hili. Mtume (s.a.w.) alikuwa akijikinga na deni ndani ya sala yake, na alipoulizwa sababu akasema kwamba mtu akidaiwa huzungumza akaongopa, na huahidi akavunja ahadi. Wewe bado hujakopa, na uongo wa kujifanya mgonjwa umeshakujia kichwani!

Kuna hadithi nyingine nataka uichukue hii kwa sababu imekuja kwa swali la mwanamke kama wewe. Mama mmoja alimwendea Mtume akasema ana mke mwenza, je, ana kosa akijionyesha kwake kwamba mume amempa kitu ambacho hakumpa? Akajibiwa kwamba anayejionyesha ameshiba kwa asichopewa ni kama aliyevaa nguo mbili za uongo. Imepokewa na Bukhari na Muslim. Hotipoti ya kausha damu inaingia humo. Utaibeba kichwani, kipaza sauti kitalitaja jina lako, ukumbi mzima utakusifu kwa uwezo usio wako, na kesho yake alfajiri unasimama mbele ya chungu cha vitumbua ukihesabu marejesho.

Kujifanya unaumwa hakufai. Huo ni uongo, na ni kumkata ndugu. Kuitikia mwaliko wa walima ya ndoa kwetu sisi Mashafi ni wajibu kwa asiye na udhuru, na kukosa zawadi hakuhesabiwi katika nyudhuru. Nenda mapema, kaa jikoni, menya vitunguu, uwe shangazi. Kuhusu sare hukuniuliza lakini najua imo: vaa kijora ulicho nacho.

Mumeo naye tumuelewe. Anaogopa njaa, na ana haki, kwa sababu Mtume amesema tuanze na wale tunaowalisha. Lakini pesa ya vitumbua ni mali yako. Bi Maimuna (r.a.), mke wa Mtume, alimwacha huru mjakazi wake bila kumtaka ruhusa mumewe, na alipomwambia, Mtume hakumlaumu, alimwambia tu kwamba lau angewapa wajomba zake, ujira wake ungekuwa mkubwa zaidi. Kwa hiyo kutoa kwako ni sahihi, na kumpa ndugu wa damu kuna ujira wa ziada. Ila kaa naye mumeo kwa upole mfikiane, maana nyumba ni ya wawili. Na zile 20,000 usizitoe zote.

Sasa utoe nini? Abu Hurayra (r.a.) amepokea kwamba Mtume aliwaita wanawake hasa: enyi wanawake wa Kiislamu, jirani asimdharaulie jirani yake kitu, hata ukwato wa mbuzi. Na yeye mwenyewe akasema angepewa zawadi ya mkono wa mbuzi angeipokea. Nami nikitaja mbuzi hukumbuka mbuzi mwingine. Siku nilipooa, mzee mmoja fundi seremala, maskini wa Mungu, aliniletea mbuzi ya kukunia nazi aliyoichonga kwa mkono wake. Aliuliza kwanza kimo cha mke wangu, ili akikaa magoti yasimuumize! Vile vyombo vya kioo tulivyopewa siku ile vilishavunjika kitambo, sivikumbuki hata rangi. Mbuzi ile ipo mpaka leo, tumebadilisha meno tu, na kila tukila wali wa nazi yule mzee anapata Fatiha yake.

Alichokuwa nacho yule mzee ni kumfikiria mtu. Nawe mfikirie huyo binti. Ataingia ndani fungate, siku saba, na kila asubuhi watahitaji cha kufungulia kinywa. Wewe una mikono inayokaanga vitumbua ambavyo watu hutembea kuvifuata. Basi ahidi fungate nzima: kila asubuhi sahani moja ya vitumbua, vya kwanza kutoka chunguni, vya moto, iliki ya kutosha, vimefunikwa kawa, na umpe mtoto wako avipeleke kabla jua halijapanda. Mchele na mkaa unanunua kila siku hata hivyo. Utaongeza kidogo tu. Hakuna hotipoti itakayomfanya huyo mtoto asubuhi ya tatu aseme, "shangazi kanikumbuka tena." Ukipenda mtilie na asumini ya senti chache kando ya sahani, mume wake naye ajue ameoa kwa watu.

Mwenyezi Mungu amesema katika Suratut Talaq, aya ya 7, mwenye wasaa atoe kwa wasaa wake, na aliyepungukiwa atoe katika alichopewa. Aya imekuja katika matumizi ya mtalikiwa, lakini ikiwa katika haki ya lazima mtu hatakiwi zaidi ya uwezo wake, vipi katika zawadi ambayo si lazima?

Na kwenye kipaza sauti itakuwaje? Mwendee wifi yako kabla ya siku ya kutunza, ninyi wawili tu. Mwambie: wifi, mwaka jana ulinipamba, Mungu akulipe, mimi mwaka huu mkono wangu mfupi, lakini fungate ya mwanetu vitumbua juu yangu. Akiwa muungwana, na wengi wa wifi zetu ni waungwana mkiwa faragha, yeye mwenyewe atamwambia msema chochote atangaze kwa heshima. Akikunja uso, wewe umeshatekeleza lako, na usije siku ukamkumbusha binti vile vitumbua. Suratul Baqara aya ya 264 imekataza kuharibu tulichotoa kwa masimbulizi na maudhi.

Doti ya jirani unaweza kuitoa. Ulipopewa ukaipokea, imekuwa mali yako. Sayyidna Umar (r.a.) alipewa na Mtume vazi la hariri, akashangaa kwa kuwa hariri imekatazwa kwa wanaume, akaambiwa hakupewa alivae. Umar akampelekea ndugu yake aliyekuwa Makka, naye alikuwa bado hajasilimu. Kipimo chako kiwe aya ya 267 ya Baqara, inayokataza kukusudia kibaya katika kutoa, kile ambacho wewe mwenyewe usingekipokea ila kwa kufumba macho. Kama doti ile unaiacha kwa sababu imechuja au rangi imekukinaisha, iache kabatini. Kama ni nzuri na roho inakuuma kidogo kuitoa, hiyo ndiyo ya kutoa. Jirani aliyekupa akiwa miongoni mwa waalikwa, mpelekee bi harusi nyumbani kwa faragha, usimvunje mtu moyo ukumbini.

Na kabla hujaifunga, ifunue usome jina lake mpaka mwisho. Wachapaji wa kanga hawana adabu siku hizi, na bi harusi kupewa na shangazi yake kanga ya kijembe cha mke mwenza ni fatwa ambayo sitaki kuja kuulizwa.