Kabla hujanunua mabamba ya alumini

Juzi kijana mmoja wa Singida kanitumia ujumbe: "Kaka, nimeona video umeme unasafisha maji machafu. Nataka kuwafungia watu wa alizeti huku. Mabamba napata wapi?" Nilicheka, kisha nikanuna. Na mimi nilianza na video.

Ilikuwa Hombolo, Dodoma, mavuno ya mwezi wa nane. Mzee mmoja alikuwa anakamua mchuzi wa zabibu, na maji ya kuoshea matangi anayamwaga shimoni nyuma ya ghala. Majirani wakachoka na harufu. Nikamwambia, mzee, niachie mimi. Pipa la lita 200, mabamba sita ya alumini, chaja ya betri za lori. Umeme ukipita, bamba la chanya linalika polepole. Alumini inayoyeyuka inakusanya uchafu kuwa mabonge. Kwenye hasi vinatoka viputo vya haidrojeni, vinayabeba mabonge hadi juu.

Siku ya kwanza, hola. Maji ya zabibu ni makali kwa asidi, pH (kipimo cha ukali huo) 4 hivi, na hapo alumini haigandi vizuri. Nikatia chokaa kupunguza ukali. Kesho yake likapanda povu zito la rangi ya ugoro, nikachota chini yake kwa glasi: maji yanang'aa! Mzee akapiga picha, akarusha kwenye grupu la ukoo. Jioni ile nilitembea Hombolo kama mkuu wa wilaya.

Wiki haikuisha, yale maji yanayong'aa yakanuka kuliko yale ya mwanzo, ya rangi ya zambarau. Sukari na pombe zimeyeyuka humo, mabonge hayazishiki. Zile zinataka bakteria, hewa na siku za kutosha. Chuoni tulifundishwa, nikapuuza. Mzee alinilipa nusu, na mpaka leo tukikutana mnadani Msalato anageuka kuangalia mbuzi. Inauma, sitaficha.

Sasa wewe, mdogo wangu, jua kwanza maji yako yana nini. Kukamua alizeti hakutoi maji mengi. Maji machafu yako kwa wanaosafisha mafuta, na yale yana matone madogomadogo ya mafuta yasiyotaka kujitenga. Hapo njia hii inafaa kweli. Kisha piga hesabu: ampea 10 kwa saa moja zinakula alumini gramu 3.4 hivi, bado uniti za Luku, bado tope la kutafutiwa pa kutupa. Vijana mnapenda njia za mkato jamani! Video haikuonyeshi ukoko unaovaa mabamba mpaka umeme ugome kupita. Geuza nyaya kila baada ya muda, chanya iwe hasi. Na usilifunike pipa. Haidrojeni inangoja cheche moja tu ilipuke.

Jua maji yako kwanza. Nimeshasema, narudia.

Mabamba ninayo, yale yale sita, yamelika kidogo. Nitakuuzia. Ila njoo na chupa ya hayo maji.