Maswali ya wasomaji: Roboti langu likiruka linaelea, nifanyeje?

SWALI: Habari za kazi. Natengeneza gemu la maroboti makubwa, la kwangu lina urefu wa meta 18 na uzito wa tani 80, linaruka mpaka meta 20 juu. Kila anayelijaribu ananiambia linaelea kama puto, halina uzito. Nikaongeza nguvu ya mvutano mara 3, sahivi linashuka haraka kweli ila linaonekana dogo, halitishi tena. Kosa liko wapi?

JIBU: Mkuu, rudisha mvutano ulipokuwa. Ile 9.8 (mvutano wa dunia unaongeza kasi ya kinachodondoka meta 9.8 kwa sekunde, kila sekunde) iache hivyo hivyo, maana ulichokuwa unakiona mwanzo ndo fizikia yenyewe. Kitu kinachodondoka hakijali kina uzito gani, kilo 80 au tani 80 muda ni uleule ukiacha upepo pembeni, kinachoamua ni kimo tu. Kupanda meta 20 ni sekunde 2, kushuka ni sekunde 2 nyingine, jumla 4, na huwezi kuzikwepa. Mtu wa kawaida akiruka nusu meta anakaa hewani kama sekunde 0.64. Mkuze huyo mtu mara 10, sasa ana meta 18 na anaruka meta 5, muda wake hewani unakuwa sekunde 2 hivi, yaani kimo kimezidi mara 10 lakini muda umezidi mara 3 na kidogo tu kwasababu muda unafuata kipeuo cha pili cha kimo. Jicho linaijua hii hesabu hata kama mwenye jicho hajawahi kuisoma, likiona umbo la mtu linakwenda taratibu hewani linajua hili ni kubwa. Watu wa sinema wanaitumia siku zote, wakipiga picha modeli ndogo wanarekodi fremu nyingi zaidi kwa sekunde ili ikichezwa kwa kasi ya kawaida kila kitu kidondoke polepole na kionekane kikubwa. Wewe ulivyozidisha mvutano mara 3 umefanya kinyume chake, roboti lako kwa jicho limekuwa la meta 6.

Sasa mbona linaelea? Nina uhakika shida haipo hewani kabisa, ipo kabla ya kuruka na baada ya kutua. Magemu mengi ukibonyeza kitufe mhusika anaondoka palepale, na kwa mhusika mdogo ni sawa tu, wachezaji wanataka hivyo. Kwa tani 80 haikubaliki. Ili lifike meta 20 lazima liondoke chini na kasi ya karibu meta 20 kwa sekunde, na hiyo kasi lazima itoke kwenye miguu. Tuseme miguu inajikunja meta 4 alafu inanyooka: kunyooka kunachukua sekunde 0.4 tu, na muda wote huo miguu inasukuma ardhi kwa nguvu mara 6 ya uzito wa roboti zima, na mitambo yake inatoa wastani wa zaidi ya megawati 45. Hapo ndo mchezaji anatakiwa auone uzito! Vumbi litoke chini ya nyayo kabla hazijaachana na ardhi, kamera itikisike kidogo, pistoni za haidroliki za magotini (zile zinazosukumwa na mafuta) zionekane zinafunguka mpaka mwisho.

Alafu kuna kitu wengi hawakifikirii, kuchuchumaa kwenyewe. Roboti halina kamba ya kulivuta chini, likitaka kushusha kiwiliwili linategemea mvutano uleule wa 9.8, kwahiyo haliwezi kuchuchumaa haraka kuliko linavyodondoka. Kushuka meta 4 na kusimama tayari kwa kuruka inachukua karibu sekunde 1 nzima, hata miguu ikiwa na nguvu kiasi gani. Ukiona roboti la meta 18 linachuchumaa kwa robo sekunde basi ujue hapo ndo uzito ulipopotelea. Najua utasema mchezaji hawezi kusubiri sekunde nzima baada ya kubonyeza, na ni kweli inaudhi, ila dawa ipo: akishikilia kitufe roboti linachuchumaa, akiachia linaruka. Kusubiri kunakuwa uamuzi wake mwenyewe, na akiachia mapema linaruka kimo kidogo, tena hiyo ni fizikia halali kabisa.

Kutua ni hesabu ileile kwa kurudi nyuma. Likinyonya mshindo kwa kukunja magoti meta 4, rubani aliye kifuani anabebeshwa mara 6 ya uzito wake, marubani wa ndege za kivita wenye suti maalumu wanahimili mpaka 9 hivi kwahiyo atapona. Likitua na magoti yamekunjika meta 1 tu, ni mara 21, hapo rubani anaweza kuumia vibaya. Na ardhi nayo isibaki safi. Galileo aliandika mwaka 1638 kwamba ukikuza kitu, uzito unakua kuliko eneo linaloubeba. Roboti lako ni mtu wa kilo 80 aliyekuzwa mara 10, uzito umezidi mara 1000, nyayo zimezidi mara 100, kwahiyo hata likisimama tu kila sentimeta ya mraba ya unyayo inabonyeza ardhi mara 10 ya mtu. Likitua zidisha tena mara 6. Udongo laini uzame, lami ipasuke. Na sauti ichelewe, anayeangalia akiwa meta 170 aisikie nusu sekunde baada ya kuona.

SWALI: Nikiliwekea roketi mgongoni je?

JIBU: Inawezekana, ila angalia namba. Injini ya Merlin ya kwenye Falcon 9, roketi ya kampuni ya SpaceX, inasukuma kilonewton 845 (kilonewton ni kipimo cha nguvu) ikiwa usawa wa bahari, na uzito wa tani 80 ni kilonewton 784. Injini moja italinyanyua kwa shida, kidogo kidogo. Weka mbili ndo linapaa vizuri, ila kila moja inakula karibu kilo 300 za mafuta na oksijeni kwa sekunde, kwahiyo sekunde 10 ni tani 6. Mshale wa mafuta ushuke haraka, hapo mchezaji ataheshimu kila sekunde anayowasha.

SWALI: Linaweza kubadili mwelekeo likiwa hewani?

JIBU: Bila roketi, hapana. Kitovu cha uzito kinafuata njia yake ya upinde mpaka chini, hata lirushe mikono vipi. Linachoweza ni kugeuza umbo: kifua kikizunguka kushoto, miguu inazunguka kulia. Kwenye animesheni funga kitovu cha uzito kwenye huo upinde, siyo nyayo, alafu viungo vingine vicheze kukizunguka. Ukitaka lazima mchezaji aweze kulisogeza pembeni, weka vinozeli vidogo (midomo ya kutolea gesi) mabegani na vitoe moshi kila vinapofanya kazi.