Mfupa wa supu na mbwa wako

SWALI: Shikamoo daktari. Niko Mikindani, nina mbwa wa miezi mitano na ameshamaliza ndala za nyumba nzima. Jirani ananiambia nimpe mifupa ya mbuzi, ila niichemshe sana mpaka ilainike, au nimkatie kipande cha tairi. Kipi ni salama? Na akikwamwa, ni kweli anyweshwe mafuta ya kula?

JIBU: Marahaba. Ndala zisikutishe. Meno 28 ya utoto yanayapisha 42 ya ukubwani, fizi zinamuwasha, na akifika miezi saba hivi atatulia. Ficha viatu.

Hilo la kuchemsha mfupa "mpaka ulainike" ndilo linalonichosha, maana nalisikia kila ninakokwenda, kuanzia Shangani mpaka Masasi. Umewahi kuacha sufuria ya supu ya mifupa usiku kucha, asubuhi ukaikuta imeganda? Ule ute ulioganda umetoka ndani ya mfupa wenyewe, na ndio uliokuwa ukiufanya upinde kidogo kabla ya kuvunjika. Ukishautoa, kinachobaki ni kitu kikavu mfano wa chokaa. Mbwa akikiuma kinapasuka vipande vyenye ncha kama chupa, na vipande hivyo ndivyo vinavyotoboa koo na utumbo. Mfupa wa kuchoma ni hivyo hivyo, na wa kuku ni mbaya zaidi kwa wembamba wake. Jirani yako anadhani anaulainisha, kumbe anaunoa.

Utaniambia mbwa wa sokoni wanakula mabaki ya mishikaki kila siku na wako hai. Unaowaona ndio walionusurika. Aliyetobolewa utumbo hujificha kichakani akafa, na hakuna anayemhesabu.

Mfupa mbichi haupasuki kirahisi hivyo, lakini una vijidudu vya kuharisha, na ule mnene wa paja la ng'ombe huvunja jino kubwa la shavuni, la juu, ambalo halioti tena. Mimi napima hivi: bonyeza kitu kwa ukucha, kisipobonyea hata kidogo, usimpe. Au jiulize kama ungekubali kugongwa nacho gotini.

Tairi lina nyuzi na waya ndani, liache kwa mafundi wa katambuga. Kifuu cha nazi kinavunjika vipande vyenye makali. Kamba ya manila inafumuka uzi mmoja mmoja, na uzi mrefu ukinaswa utumboni huukunja na kuukata. Msimu wa mahindi kuna gunzi: mbwa hulimeza kwa pande kubwa, haliyeyuki, linaziba njia. Kokwa la embe nalo hufanya hivyo. Na kwa sisi wa huku, usimwache karibu na korosho zenye maganda. Mafuta ya ganda lile yanaunguza mdomo kama yanavyounguza mikono ya wabanguaji.

Kinachobaki ni mpira wa raba unaobonyea, uwe mkubwa kiasi cha kutoweza kuingia wote mdomoni, na uutupe ukianza kumeguka. Ukitaka cha bure, mwombe mtu wa bucha gegedu, yale meupe yanayopinda. Yachemshe tu, hayo si mfupa, hayapasuki. Karoti nene iliyolala friza inapoza fizi vizuri. Chochote utakachompa, kaa naye.

Sasa mafuta. Mbwa aliyekwamwa hamezi sawasawa, ukimmiminia mafuta yanaishia mapafuni, na hapo umeongeza nimonia juu ya mfupa. Maji ya chumvi ya kumtapisha ni sumu, na mfupa wenye ncha ukirudi juu unachana mara ya pili. Wengine wanampa tonge la ugali, kana kwamba ni mtu aliyekwamwa na mwiba wa changu! Akitapika mfululizo, akikosa choo au tumbo likijaa, mlete kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Ukiona uzi unaning'inia nyuma, usiuvute.

Kuna kosa kubwa kuliko yote haya. Mbwa anatoa udenda, taya limelegea, hawezi kumeza, sauti imebadilika, na kila mtu uani anasema kakwamwa na mfupa. Mzee mmoja aliniletea wa namna hiyo baada ya yeye mwenyewe kutia mkono kooni mara mbili kuutafuta. Mfupa haukuwepo. Kichaa cha mbwa si lazima kije na ukali na kung'ata ovyo. Kipo cha kimya, kinacholegeza taya, na udenda ule ukigusa mchubuko wa kidole unatosha. Kwa hiyo usitie mkono. Mfungie mahali peke yake, watoto wasimkaribie, umwite mtaalamu. Kama umeshatia, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali moja kwa moja ukachanjwe, si kwa mganga wala kusubiri kuona mbwa atakuwaje. Dalili zikishaanza kwa mtu, karibu hakuna anayepona.

Umenieleza ndala, mifupa na tairi, ila chanjo hukuitaja. Ya kichaa hutolewa kuanzia miezi mitatu, na wako ana mitano. Mpeleke wiki hii, huo mpira utaununua mkirudi.