Ukuta wa mawe unatoa unga mweupe: je, tupige lipu ya saruji?

Swali: Assalaam alaykum. Mimi na ndugu zangu tumerithi nyumba ya bibi yetu Mji Mkongwe, Unguja, mtaa wa Kiponda. Ni nyumba ya mawe ya ghorofa mbili na imo kwenye orodha ya majengo yanayohifadhiwa. Kuta za chini zinatoa unga mweupe na lipu inabanduka mpaka usawa wa kiuno. Fundi anasema tung'oe lipu yote, tupige ya saruji yenye dawa ya kuzuia maji, na boriti za ukumbini, ambazo zimebonyea, tuzitoe tumwage zege. Mlango wa nakshi atausugua na kuupiga vanishi. Anasema kwa nje haitajulikana kama kuna kilichobadilika, na kibali hakina tabu. Sisi tunataka nyumba ibaki kama alivyoiacha bibi. Tumkubalie? — Mjukuu, Maskati

Jibu: Wa alaykum salaam, mwanangu. Msimkubalie. Mwambieni aweke nyundo chini kwanza.

Barua kama yako huniijia kila masika yakimalizika, kinachobadilika ni jina la mtaa tu: leo Kiponda, jana Malindi, juzi Mkunazini. Na kila mara yupo fundi, na fundi ana mifuko ya saruji. La kibali nalimaliza hapa hapa: kazi kwenye jengo lililoorodheshwa haianzi bila ya ruhusa ya Mamlaka ya Mji Mkongwe, na mtu anayekuambia kibali hakina tabu kabla hata mchoro haujapelekwa anakuuzia kitu kisicho chake. Tuje kwenye ukuta.

Watu wameshikilia kwamba saruji ni ngumu, kwa hiyo ni bora, na kwamba wazee walitumia chokaa kwa kukosa kingine. Kweli, hawakuwa nayo. Saruji tunayoijua leo ilisajiliwa Uingereza mwaka 1824, na kuba za Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani zilijengwa kwa matumbawe na chokaa katika karne ya 14. Baadhi ya kuba hizo zingali juu. Sasa nenda kwa jirani yeyote aliyepiga lipu ya saruji juu ya ukuta wa mawe miaka michache iliyopita, gonga kwa kifundo cha kidole. Utasikia sauti ya kitu kitupu. Lipu imekwisha achana na ukuta, inangoja siku tu.

Ukuta wa bibi yako si wa matofali. Ni mawe ya matumbawe, makubwa kwa madogo, yaliyopangwa kwa chokaa na udongo mwekundu, unene wake nusu mita au zaidi, na katikati mna vijiwe na vifusi. Chini hakuna nailoni wala lami ya kuzuia maji ya ardhini. Maji yamekuwa yakipanda humo tangu bibi yako hajazaliwa, na yamekuwa yakitoka kupitia lipu ya chokaa na kukauka kwa upepo. Chumvi iliyokuja na maji hubaki kwenye uso wa lipu. Ndio huo unga wenu mweupe. Uguse kwa ncha ya ulimi utajua. Lipu inalika ili jiwe lisilike, na ikichoka huchokolewa, hupigwa nyingine. Waliojenga walijua hivyo na walikusudia hivyo.

Ukiufunika kwa saruji umemvika koti la mvua mtu anayetoka jasho. Maji hayaachi kupanda kwa sababu umeyazibia njia. Yanakwenda juu zaidi kutafuta pa kutokea. Mwaka wa kwanza ukuta unang'aa, fundi anawatumia picha kwa simu, nanyi Maskati mnasema mashaallah. Masika ya pili unyevu uliokuwa kiunoni uko mabegani. Baadaye unafika kwenye boriti, na hapo ndipo hasara yenyewe ilipo. Vichwa vya boriti vimezikwa ndani ya ukuta. Vikikaa kwenye unyevu usiokauka vinaoza, na mchwa naye hupenda mti uliolowa. Ukisimama chini unaiona boriti nzima, kavu, haina doa. Ukichoma bisibisi pale inapoingia ukutani, inazama mpaka kwenye mpini. Tena lipu ya saruji ikianguka haianguki peke yake. Ni ngumu kuliko kile ilichokishika, kwa hiyo inaondoka na uso wa jiwe.

Na hiyo dawa! Imetengenezwa kwa ajili ya matangi na mabwawa, mahali ambapo maji yanatakiwa yasipite. Ukuta wenu unataka yapite. Nimeiona ikipakwa juu ya lipu, chini ya lipu, hata kusukumwa ukutani kwa bomba la sindano, na aliyeiuza hakuwahi kuuliza ukuta wenyewe umejengwa kwa nini. Hakuna dawa ya unyevu inayouzwa kwenye kopo. Unyevu unatoka mahali, na kazi ya kwanza ni kupajua mahali hapo.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, ndugu aliyeko Unguja apande juu mvua ikinyesha. Aangalie bati, aangalie mfereji wa paa unamwaga wapi, maana mingi humwaga ukutani. Aangalie choo cha ghorofani na bomba lake, maji ya kiyoyozi, na karo la choo la jirani. Atoke nje apime: uchochoro ukishasakafiwa mara kadhaa, njia huwa juu kuliko sakafu ya ndani, na maji ya mvua huingia yenyewe. Nimeona nyumba zikikauka nusu kwa kutengeneza mfereji mmoja tu, lipu ikiwa bado haijaguswa. Kwa fundi kazi hiyo haina mifuko ya kuuza, ndiyo maana hamkuisikia kwake.

Chanzo kikishazibwa, lipu iliyokufa itolewe kwa tindo na nyundo ndogo. Mashine ya kuvunjia zege isikanyage hapo, inatikisa kila kilichomo katikati ya ukuta. Chumvi ifagiliwe kwa brashi kavu, si kwa maji. Kisha ukuta uachwe wazi miezi kadhaa. Najua hamtaki kusikia hilo, lakini ukuta wa unene ule haukauki kwa wiki mbili. Lipu mpya iwe chokaa iliyozimwa kwa maji na kulazwa shimoni miezi 3 au zaidi, ndoo 1 kwa ndoo 3 za mchanga mkali uliooshwa. Mchanga wa ufukweni hapana, mtakuwa mnarudisha chumvi mliyoifagia. Ipigwe kwa matabaka, kila tabaka kama sentimita 1, na kila tabaka lifunikwe magunia yaliyoloweshwa siku kadhaa. Chokaa haigandi kama saruji. Inakuwa jiwe tena polepole kwa kunyonya kabonidayoksaidi iliyomo hewani, nayo inahitaji unyevu kidogo ili iweze kufanya hivyo. Ndiyo maana kazi hii ni ya kusi, kuanzia Juni, baada ya masika. Upepo na jua la kaskazi huikausha mapema ikapasuka. Juu yake pakeni chokaa nyepesi, mikono mingi. Rangi ya plastiki inarudisha lile koti.

Kuhusu zege. Watakuambia tatizo lake ni uzito, na kweli mita moja ya ujazo ina kama kilo 2,400, lakini sakafu ya zamani ya mawe na chokaa juu ya boriti nayo si nyepesi. Tatizo kubwa liko kwingine. Ili zege likae, fundi atachonga mfereji mrefu ukutani kuzunguka chumba, yaani atakata ukuta wenye vifusi katikati huku nyumba imeukalia. Atazitoa boriti zote kwa pamoja, na boriti hizo ndizo zilizokuwa zikizishika kuta mbili zisiachane. Kisha ataweka nondo, katika mji unaopigwa na upepo wa bahari mwaka mzima. Chuma kikishika kutu kinavimba, kikivimba kinapasua zege kutoka ndani.

Kubonyea peke yake si ugonjwa. Boriti ya mkoko au mkandaa iliyobeba sakafu miaka mia ina haki ya kubonyea kidogo. Zichunguzwe moja moja kwa ile bisibisi. Zilizooza zibadilishwe kwa zamu, dari ikiwa imekingwa kwa mirunda na jeki, na kichwa cha boriti mpya kiachiwe nafasi ya hewa kisibanwe na udaka pande zote. Boriti ziwe zenye kibali cha misitu. Na msitake kuupanua ukumbi ufanane na sebule za Maskati: upana wake umetokana na urefu wa boriti, kama mita 2.5 hadi 3, na huo wembamba ndio sura ya nyumba mnayosema mnataka kuihifadhi.

Mlango: vumbi litolewe kwa brashi laini, upakwe mafuta ya kitani kidogo kwa kitambaa. Grainda na msasa vinakula nakshi, na nakshi iliyoliwa hairudi. Akiomba kuuchukua akautengenezee karakana kwake, mkatalieni. Milango ya kale ina soko.

Nasema haya kwa Mjukuu, lakini wako wengi zaidi yake: waliorithi wakiwa mbali, walionunua ili wafanye nyumba ya wageni, wanaotaka choo kila chumba na tangi la lita 1,000 juu ya paa, ambalo likijaa ni tani nzima iliyokalia ukuta wa udongo. Wengi wanadhani nyumba ya kale iko hatarini ikiachwa, na ikianza kutengenezwa imepona. Wakati wa kazi ndio wakati wa kuiogopa zaidi, kwa sababu ndipo vitu vilivyokuwa vikishikana vinapoachanishwa. Beit al-Ajaib ilijengwa mwaka 1883, jumba kubwa kuliko yote Forodhani, na ilikuwa katika ukarabati pale sehemu yake ilipoporomoka tarehe 25 Desemba 2020 na kuua watu wawili. Ile ilikuwa na wahandisi. Yenu ina fundi na kopo la dawa.

Tafuteni mwashi aliyezoea chokaa, mwambieni apige kipande cha mita moja kwa mita moja kwenye ukuta ulio mbaya kuliko zote, mkitazame masika yote kabla ya kumpa nyumba nzima. Na kama vyumba vya chini vina mpangaji, ahame kabla boriti ya kwanza haijaguswa.