Mashindano ya bunduki tatu: mgeni aanzie wapi?

Anayeingia kwenye mashindano ya bunduki tatu kule Marekani (bastola, raifo na shotgani, yaani bunduki ya marisau, katika kituo kimoja, yaani zoezi moja la kupiga shabaha kwa saa) huhofia shabaha zake. Ahofie mikono. Wengi wanaotolewa mashindanoni kabla ya saa sita mchana hulenga vizuri tu. Kinachowaponza ni mtutu kugeukia nyuma wakati wa kujaza, au bunduki kuachwa bila kufungwa kufuli ya usalama.

Vifaa havina makuu. Bastola ya milimita 9 na magazini 4, raifo aina ya AR-15 na magazini 3, shotgani ya geji 12 yenye bomba la kubeba risasi 8. Darubini ya kukuza mara 1 hadi 6 inatosha. Mkanda usiwe laini, la sivyo ukivuta magazini unakuja nayo mkanda mzima.

Kwa siku moja ya vituo 5 au 6, beba risasi 150 za kila bunduki, za shotgani ziwe za marisau namba 7½ au 8, pamoja na slagi 15 (risasi za shotgani zenye kipande kimoja kizito badala ya marisau). Hata hivyo, maelezo ya mashindano husika ndiyo yenye neno la mwisho. Pitisha sumaku kwenye vichwa vya risasi za raifo. Zikinasa, ziache nyumbani: zina chuma, huharibu shabaha za chuma na viwanja vingi huzikataa.

Darubini ya raifo irekebishe ili risasi ipige unapolenga kwa yadi 50, nayo itakuwa karibu sawa kwa yadi 200. Kwa mita 5 mambo hubadilika: darubini imekaa inchi 2 na nusu hivi juu ya mtutu, kwa hiyo risasi hupiga chini ya unapolenga kwa karibu kiasi hichohicho.

Kujaza shotgani ndiko kunakokula muda. Ndani ya bomba, iliyoingia mwisho hutoka kwanza. Kituo kikianza na slagi 2, hizo ziingie mwisho. Jizoeze nyumbani dakika 10 kila jioni kwa risasi bandia, na za kweli zisiwemo chumbani kabisa. Sukuma kila risasi mpaka usikie "tik". Ukiachia kabla ya hapo, springi inakurudishia.

Sasa mtutu. Chukulia kuna mstari unaopita mabegani mwako, sambamba na tuta la udongo lililo mbele. Mtutu ukiuvuka, unatolewa mashindanoni. Mtu wa mkono wa kulia huuvuka zaidi akikimbilia kushoto huku anabadilisha magazini ya bastola: kwa mazoea mtutu huelekea kushoto, na mwili nao umeshageukia kushoto, basi unatazama nyuma. Badilisha kabla ya kupiga hatua, au kimbia kifua kikitazama tuta.

Kwenye pipa la kuachia bunduki uliyomaliza kuitumia, funga kufuli, tanguliza mtutu, iweke, usiitupe. AR-15 ikigoma kufungwa, nyundo imeshuka: vuta mkono wa kukokia, kisha funga. Hili huwashtua wengi saa ikiwa inakimbia.

Kwenye meza ya usalama, iliyotengwa kwa kushikia bunduki isiyo na risasi, shika bunduki, ila risasi usiguse, hata bandia. Kwingine kote subiri amri ya msimamizi.

Uliyeko Marekani kwa viza ya muda, ya masomo au ya utalii, soma sheria ya shirikisho kwanza. Kwa kawaida inakukataza kushika hata bunduki ya kuazima, isipokuwa kwa vighairi vichache kama leseni halali ya uwindaji.

Siku ya kwanza omba uwe wa mwisho mwisho katika kikosi, uone wenzako wanajazia wapi. Zamu yako ikipita, chukua vibandiko vya karatasi ukazibe matundu ya shabaha. Asiyeziba hasemwi vizuri.