Soma tarehe kabla ya asilimia: kwa mawakala wapya wa forodha

Kila Julai ikiingia nawaona wadogo zangu wanafungua kadhia (tamko la forodha la mzigo) ya mwaka jana, wanabadilisha namba ya kontena na thamani, wanatuma. Inaniuma, kwa sababu mfumo wa kompyuta mnaujua kuliko sisi tulioanza na makaratasi. Kinachowaponza ni kusahau kwamba viwango vingi mnavyovitumia vimewekewa tarehe ya mwisho.

1. Kwenye hotuba ya bajeti tafuteni maneno "kwa mwaka mmoja". Wigo wa Pamoja wa Ushuru wa Jumuiya ya Afrika Mashariki una ngazi za asilimia 0, 10, 25 na, tangu Julai 2022, 35, ukiacha bidhaa nyeti zinazotozwa zaidi. Lakini kila mwaka mawaziri wa fedha wa Jumuiya hukutana kabla ya bajeti, kila nchi ikaomba kuuacha wigo kidogo ili ilinde viwanda au ishushe bei. Yaliyokubaliwa hutoka kwenye Gazeti la Jumuiya, yakaanza 1 Julai na kukoma 30 Juni. Ngano ndiyo inayowadanganya zaidi: wigo unasema 35, sisi Tanzania tumezoea kutoza 10 mwaka baada ya mwaka, mpaka kijana anaamini 10 ndiyo sheria yenyewe. Ni ombi linalorudiwa tu.

2. Kadhia ya mapema haifungi kiwango. Hapa nitakaa, maana nimeona kiwanda kikiumia. Mteja wa ofisi jirani alikuwa mama mwenye kiwanda kidogo. Jina lake na kiasi cha vifungashio alivyoruhusiwa kuagiza kwa unafuu vilikuwa kwenye Gazeti, asilimia 0 badala ya 25, miezi kumi na miwili. Kijana aliyeshika faili alijua unafuu unaisha 30 Juni, na meli imechelewa. Akaingiza kadhia wiki ya mwisho ya Juni, meli ikiwa bado baharini, akamwambia mama, "Tumewahi." Meli ikafika Julai. Sheria ya Forodha ya Jumuiya ya 2004, kifungu cha 120, inasema kadhia iliyoingizwa kabla ya meli kufika hutozwa kiwango cha siku meli ilipofika bandarini. Siku ya B/L (hati ya shehena ya meli) haihesabiki, wala ya ankara, wala siku uliyobofya. Mfumo ukapitisha, makontena yakatoka, watu wakapongezana.

Wakaguzi walikuja baadaye sana. Pigeni hesabu kwa kila milioni 100 ya CIF (bei ya mzigo pamoja na bima na nauli): ushuru milioni 25, VAT ya asilimia 18 inakaa na juu ya ushuru huo, milioni 4.5 nyingine, halafu riba ya asilimia 2 kwa mwezi. Bidhaa zilishauzwa zamani, kwa bei iliyopangwa bila ushuru. Utamfuata nani Kariakoo umwambie aongeze? Mama alilipa kwa mafungu, akapunguza wafanyakazi. Yule kijana alikuwa mchapakazi kweli. Hakuna mkubwa aliyewahi kukaa naye akamsomea kifungu hicho, na ndiyo maana leo nawasomea ninyi.

3. Mzigo ukilala bondi (ghala la forodha ambako ushuru haujalipwa), kiwango ni cha siku unapoingiza kadhia ya kuutoa kwa matumizi ya ndani.

4. Unafuu wa nchi moja si wa Jumuiya nzima. Kenya ina orodha yake. Na "ya muda" haisemi ni muda gani. VAT ya Kenya ilishushwa toka 16 hadi 14 mwezi Aprili 2020 kwa sababu ya korona, na 1 Januari 2021 ikarudi 16. Lakini kinga ya sukari ya Kenya dhidi ya wenzake wa COMESA (soko la pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika), iliyoanza kama ya muda mwanzoni mwa miaka ya 2000, ilirefushwa tena na tena kwa zaidi ya miaka 20. Mimi nazipenda sheria hizi zenye tarehe ya mwisho kwa jambo moja: zinailazimisha serikali kuulizwa kama sababu bado ipo. Ila mwenye kiwanda hawezi kupanga miaka mitano juu ya ruhusa ya miezi kumi na miwili, na ni kazi yetu kumwambia hivyo kabla hajaagiza mtambo.

5. Msisubiri hotuba ya Juni ndipo mmpigie mteja. Maombi ya kuongezewa mwaka hupelekwa miezi kadhaa kabla. Kila faili liwe na nakala ya ukurasa wa Gazeti wenye jina lake, HS Code (namba ya kuainisha bidhaa), tarehe na kiasi alichoruhusiwa, na kila mzigo ukitoka mpunguze kiasi hicho kwa kalamu, maana kinaweza kwisha Februari.