Lisansi inasema "free", njo siwezi kuuza?

SWALI: Mukubwa, jambo. Niko Bukavu, ku Kadutu. Nilichukua programu ya sitoki ku intaneti, nikaigeuza kwa Kiswahili, nikaongeza tarehe za dawa kuisha, na sasa famasi tatu zinaitaka, kila moja dola 60. Mwenzangu anakataa, anasema lisansi imeandika "free" kwa hiyo tukiuza ni wizi. Tena juu ya kila fishie wameandika: GPL (njo jina la hiyo lisansi) toleo la 2, ao toleo lolote la baadaye, kwa hiari yako. Hiyo "yako" ni ya nani, mwenye aliandika ao mimi? Kode, yale maandishi yenye programu imetengenezwa nayo, nitapatia watu wote? Na mu kontra nataka kukataza famasi kupatia wengine kopi.

JIBU: Ndugu yangu, uza. Hakuna mstari mu GPL unaokataza kuuza, shida yote inatoka ku neno moja la Kiingereza lenye kubeba mambo mawili, bure na huru. Kiswahili kinayatenganisha, na Kifaransa pia, juu watu wanasema logiciel libre, hawasemi gratuit. Mwambie mwenzako asome hapo huru.

Sasa "kwa hiari yako", na hapa wengi wanakosea. Lisansi inaongea na anayepokea programu, si aliyeiandika, kwa hiyo "yako" ni wewe, na kesho mama wa famasi akipokea kopi kwako atakuwa ni yeye. Toleo la 2 ni la 1991, la 3 lilitoka Juni 2007, wewe chagua mwenyewe, hakuna anayekulazimisha kuhamia la 3. Lakini mwenye aliandika programu angeweka toleo la 2 tu, kama kernel ya Linux (ile moyo wa mfumo wa kompyuta), hapo usingeweza kuichanganya na kode yenye iko chini ya toleo la 3 peke yake, hizo mbili hazipatani kabisa. Kwa hiyo fungua fishie zote, usitosheke na ya kwanza, unaweza kukuta arobaini zina "ao toleo lolote la baadaye" na moja haina, na hiyo moja njo itakufunga.

Kode ni kwa wale unaowapa programu, si kwa mji mzima. Lisansi inakubali pia utoe karatasi ya ahadi, ya miaka isiyopungua 3, kwamba yeyote atakayeomba kode utampa, lakini mimi sikushauri, miaka 3 ni mingi na siku moja umeme unarudi kwa nguvu mashini inaungua na wewe unabaki na deni. Weka kode mu kle USB ileile yenye programu, pamoja na lisansi yenyewe. Fishie uliyogusa andika juu kwamba uliibadilisha, na tarehe, toleo la 2 linadai hivyo. Majina ya wale walioiandika kwanza usifute.

Kuhusu kontra, hicho kipengele kitoe. Huruhusiwi kuongeza katazo juu ya lisansi, na ukivunja toleo la 2 haki yako mwenyewe inakatika palepale. Mama wa famasi anaweza kumpa dada yake wa Nguba kopi bila kukulipa kitu, na najua inauma, umekesha usiku mingi juu ya ile kazi. Ila huyo dada atahitaji mtu wa kumwekea, kufundisha wauzaji wake, kurudi siku imekwama, na hayo unatoza bei unayotaka. Hayo njo uandike mu kontra.